Mke Aliyemfuata Mauti Pwani ya Uroa

Mji Mkongwe, Unguja
Jumamosi, baada ya sala ya alasiri

Bi Hansa,

Mtu aliyefundisha uandishi wa barua kwa miaka thelathini na minne anapaswa kujua namna ya kuanza. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu: salamu kwanza, kisha uliza hali, kisha sema kilichokufanya ushike kalamu. Salamu sijui nikutumie ipi. Hali yako siwezi kuuliza. Limebaki la tatu, nalo ni hili: keshokutwa, Jumatatu, mswada wetu lazima uondoke mikononi mwangu uende kwa wachapishaji Dar es Salaam, na hadithi ya saba bado inanisumbua. Umeniachia mimi niamue. Sikustahiki kuachiwa.

Nikupe kwanza habari za huku. Hii ni wiki ya sita tangu uondoke. Mlango wa duka lako unafunguliwa ubao mmoja tu. Ndani yumo Mira, binti yako, ambaye ameongezewa likizo kazini kwake Mombasa, na anamalizia sketi za shule ulizoziacha zimekatwa. Anashona polepole kuliko wewe, na mikunjo yake haifanani. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Akina mama wanaingia, wanampa pole, wanakaa kidogo kwa adabu, kisha wanauliza kama sketi iko tayari. Usiwaone wabaya. Shule zinafunguliwa.

Siku ya kwanza nilipokutana naye baada ya msiba aliniamkia, "Shikamoo, Maalim." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nilisahau hata kumpa pole. Mke wangu Rukia alinikanyaga mguu, nami nikamtazama kama asiyejua anachotaka.

Rukia amenikasirikia, na ana haki. Nitafika huko. Lakini siwezi kufika bila ya kupita tulikoanzia, na naomba univumilie, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia kuwa nasimulia kama mtu anayepanda ngazi kwa goti moja.

Nilikuja kwako na kanzu iliyochanika mfuko. Ulikuwa unampima mwanamke mmoja gauni, na huku unamhadithia habari za mfalme aliyecheza kamari akapoteza nyumba, akapoteza ndugu zake, akampoteza hata mkewe. Yule mwanamke alisimama na mkono mmoja juu, amesahau kuushusha. Mimi nilisimama mlangoni na kanzu yangu. Ulipomaliza nikakwambia, "Hadithi hiyo iandikwe." Ukanijibu bila ya kunitazama, na pini tatu mdomoni, "Niandike mimi, usahihishe wewe? Utamaliza wino wote wa maduka ya Darajani."

Ikawa Alhamisi baada ya Alhamisi, kwa miaka minne. Wewe ulikuwa na masimulizi yale mawili makuu ya Wahindi wa kale, uliyoyapokea kwa Kigujarati kutoka kwa bibi yako alipokuwa akisukuma chapati. Mimi nilikuwa na kalamu nyekundu. Kazi yenyewe ilionekana rahisi: kuchagua hadithi chache, kuzivua mavazi yake ya zamani, na kuzisimulia upya kana kwamba zimetokea hapa Unguja. Ulisema masimulizi hayo hayana mwisho, na sisi tuchote ndoo saba tu, tusije tukazama.

Niliweka kanuni tatu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kanuni. Miungu isivuke maji. Vita visisimuliwe, watoto wanaviona vya kutosha katika simu zao. Na kila hadithi iwe na mtu anayepoteza kitu asichoweza kukinunua tena. Wewe ulikuwa na kanuni moja, ambayo hukuwahi kuiandika. Hadithi uliwahadithia wateja ukiwapima. Mteja akikumbuka kuangalia saa, hadithi imeanguka. Akisahau kushusha mkono, imefuzu. Leo nakiri kwamba kanuni yako ilikuwa bora kuliko zangu zote tatu. Ulipokuwa hai sikukiri.

Yule mfalme mcheza kamari tulimfanya muuza mbao. Wewe ulitaka apoteze nyumba yake katika bao, nami nikapinga: bao ni mchezo wa akili, hauna bahati ndani yake, na mtu aliyeshindwa kwa akili hatumwonei huruma. Tuligombana Alhamisi mbili, kisha tukampa dhumna, na dhumna zikamfaa. Yule mdogo wa mfalme mwingine, aliyekataa kukalia kiti cha kaka yake na badala yake akaweka viatu vya kaka juu ya kiti, tulimpa duka la vitambaa na jozi ya makubadhi. Yule mwalimu aliyemtaka mwanafunzi amkatie kidole gumba kama ada, tulimfanya fundi wa kuchonga milango. Hadithi hiyo sikuipenda, kwa sababu mwalimu anatoka vibaya. Ukanitazama juu ya miwani. "Umejiona, Maalim?" Nikaikubali siku ile ile, ili usipate la kusema zaidi.

Nilikuwa nikikurejeshea kurasa zako zimejaa alama nyekundu. Mara moja uliziinua mbele ya Rukia ukamwambia, "Shoga, tazama mumeo alivyonichinja. Damu hii yote ya nani?" Mkacheka nyote wawili. Mimi nilikaa nikingoja mmalize kucheka ili tuendelee na kazi. Nashangaa sasa nilikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Hadithi sita zilikuwa tayari. Ya saba ilikuwa yako tangu mwanzo, uliiweka mwisho kwa makusudi: mwanamke ambaye mumewe anafariki, Mauti anakuja kuichukua roho, na yeye anamfuata Mauti kwa miguu. Anaambiwa arudi, harudi. Anazungumza naye njia nzima, kwa adabu na kwa akili, mpaka Mauti anajikuta ameahidi zaidi ya alivyokusudia, na analazimika kumrudisha mume.

Nilikuwa na hoja mbili, na bado naziona ni hoja za haki. Ya kwanza: hapa kwetu wanawake hawafuati jeneza. Wanaume wanakwenda makaburini, na mke anabaki ndani, anakaa eda yake miezi minne na siku kumi. Mwanamke anayenyanyuka na kutoka nyuma ya maiti hakuna msomaji wa Unguja atakayemtambua. Atadhani amepagawa. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Ajali ya mtu, yaani siku yake ya kufa, ikifika haisogei mbele wala nyuma, na anayeichukua roho hajadiliwi. Nimelikuta jambo hilo katika dini yangu tangu sijajua kusoma, na sikutaka jina langu liwe juu ya kitabu kinachosema vingine.

Ulinijibu, "Maalim, nakupa hadithi. Sikupi fatwa."

Ningenyamaza hapo ingekuwa heri. Lakini mteja alikuwamo dukani, umemzungushia utepe wa kupimia kiunoni, na mimi sikuzoea kushindwa mbele ya watu. Nikasema, "Hadithi hii si ya hapa, Bi Hansa. Wala haiwezi kuwa ya hapa."

Uliuacha utepe ukaning'inia. Ukasema kwa sauti ya chini, "Na mimi je, Maalim? Mimi ni wa wapi?"

Nilifunga kalamu yangu.

Nimekaa na jambo hili wiki nyingi, na nataka uelewe kwamba jibu nilikuwa nalo. Nilijua umezaliwa chumba cha juu cha nyumba ile ile yenye duka. Nilijua kaka zako waliondoka mmoja mmoja, huyu Bombay, yule Leicester, wewe ukabaki kwa sababu ulisema huwezi kuishi mahali ambapo watu hawakuulizi unakwenda wapi. Nilijua Kiswahili chako kimewafunza watoto wa mtaa mzima matusi na adabu kwa pamoja. Jibu lilikuwa fupi, lingetoka kwa pumzi moja. Lakini kulitoa kungekuwa ni kukubali kwamba nimekosea, na mteja alikuwa akitazama. Nikakusanya karatasi, nikaaga, nikatoka.

Nilisema moyoni kwamba Alhamisi ijayo itakuwa imepoa. Alhamisi ile nilituma habari kwamba nina mafua. Sikuwa na mafua. Alhamisi ya pili nilikwenda sokoni kwa kuzunguka uchochoro mwingine, nisipite mbele ya duka lako. Mzee wa miaka sabini na mbili, anajificha na kikapu cha mchicha. Rukia aliniambia, "Nenda kamtake radhi mwenzio, acha kiburi." Nikamwambia, "Nnakwenda, nnakwenda." Alhamisi ya tatu ulikuwa hospitali, nami sikujua. Ijumaa ulikuwa umefariki.

Sasa nikueleze la siku ya kuondoka kwako, kwa sababu hukuwa na macho ya kuliona, na sitaki ulipate kutoka kwa mtu mwingine kabla yangu.

Rukia alikwenda nyumbani kwenu tangu asubuhi, akakaa na wanawake. Mimi nilivaa kanzu na kofia nikasimama kwenye kona ya uchochoro. Gari haliingii pale, unajua, kwa hiyo ilibidi wakubebe mabegani hadi barabarani. Kwetu, jeneza likipita, mtu hangoji kualikwa. Unatia bega, au unafuata hata hatua chache, kisha unarudi kwenye shughuli zako. Lakini nilipoona mashada ya maua ya rangi ya manjano na nikasikia wanavyoimba, nikaanza kujiuliza. Inajuzu nifuate? Hata ikijuzu kwangu, je, kwao ni adabu? Nisimame upande gani? Nivue viatu? Nikakumbuka kuna kitabu kabatini kwangu chenye mlango mzima juu ya kuwazika majirani wasiokuwa wa dini yetu, nikawa najaribu kukumbuka ni mlango wa ngapi.

Nilipokuwa bado natafuta ukurasa kichwani, ulikwisha kupita.

Yule muuza samaki aliyekuwa akikutania kila asubuhi, "Bi Hansa, leo nikupe changu wa kutazama tu?", kwa sababu huli samaki, aliweka kikapu chake chini katikati ya njia, akafuata nyuma pamoja na wale wanaume. Hakumuuliza mtu. Paka waliwala samaki wake wawili. Alirudi akakuta hivyo, akacheka kidogo, akajifuta uso.

Rukia aliponiona nimerudi nyumbani mapema akaniuliza, "Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nnafikiri."

"Haya. Fikiri, basi."

Baada ya wiki tatu Mira alikuja kwangu na daftari la shule, lile la jalada la buluu, limefungwa kwa uzi wa cherehani. Akasema, "Mama aliniambia nikupe. Aliliandika zile wiki za mwisho, mpaka hospitali alikuwa nalo."

Ndani ilikuwamo hadithi ya saba.

Uliiandika kurasa za kushoto tu. Kurasa za kulia uliniandika mimi. "Hapa Maalim atasema: wanawake hawafuati jeneza." "Hapa Maalim atakunja uso." "Hapa ataomba maji." Na chini ya kila moja umejibu. Sikujua kama nicheke au nilifunge daftari. Nilifanya yote mawili.

Bi Hansa, ile siku tuliyokwenda Uroa kumtazama Bi Mize, binamu yake Rukia, mimi nilibaki kivulini nikisoma gazeti. Wewe ulipandisha sari, ukavaa viatu vya mpira vya kuazima, ukatoka naye maji yalipokupwa hadi kwenye mashamba yake ya mwani. Mlikaa huko muda mrefu nikadhani mmepotea. Uliporudi ulikuwa umemchosha kwa maswali: kamba inafungwaje, njia ya kurudi inajulikanaje, maji yakianza kujaa yanaanzia upande gani. Niliona ni udadisi wa mtu wa mjini. Kumbe ulikuwa unanitafutia majibu, tena kabla sijauliza.

Mke katika hadithi yako ni mkulima wa mwani. Mumewe ameugua muda mrefu, akafariki adhuhuri, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Mauti anakuja, naye si malaika wala mungu. Ni bwana mmoja mrefu kutoka mjini, amevaa viatu vya kufunga kamba, mwenye adabu na haraka kidogo, anayeichukua pumzi ya mume na kuitia katika kichupa kama cha mafuta ya mkaratusi. Wanaume wa kijiji hawajafika, jeneza halijatoka msikitini. Mauti anashika njia yake, na njia yake inapita baharini. Mke anachukua kamba zake na kumfuata.

"Rudi ndani, bibi," anamwambia. "Mahali pako ni ndani sasa."

"Sikufuati wewe, bwana," anajibu. "Nakwenda kazini. Shamba langu liko huko uendako."

Nilisoma mstari huo nikasimama. Nikatembea chumbani. Hoja yangu ya kwanza, niliyoilinda mbele ya mteja kwa gharama ile, uliimaliza kwa mwanamke anayekwenda kazini. Hakuna mtu Uroa atakayemshangaa. Na ukurasa wa kulia uliandika: "Maalim, hapa huna la kusema. Kunywa maji."

Wanakwenda pamoja. Anamwambia viatu vile havifai pale, kuna miiba. Anamwonyesha pa kukanyaga. Mauti anaona haya kupokea msaada bila ya kutoa kitu, anamwambia aombe, ila asiombe kichupa. Anaomba macho ya mama mkwe wake yarudi kuona. Anapewa. Anaambiwa tena arudi. Hapo ndipo anaposema lile jambo ulilolipigia mstari mara mbili: kwamba watu waliotembea pamoja hatua saba wamekwisha kuwa marafiki, na rafiki hamfukuzi mwenzake njiani. Pembeni uliandika, "Hili ni la bibi yangu, neno kwa neno. Lisiguswe."

Sikuligusa. Niliweka daftari mezani. Kutoka mlangoni kwako hadi kwenye ile kona niliyosimama ni zaidi ya hatua saba. Nilikwenda nikapima, mchana, watu wakinitazama.

Kisha maji yanaanza kujaa. Mauti hajui njia ya kutoka majini. Kazi yake ni kuchukua, hajawahi kuhitaji kurudi. Mke anaijua. Na hapo hadithi inagawika, kwa sababu uliandika miisho miwili. Katika wa kwanza, Mauti anampa kichupa, naye anamvusha. Katika wa pili, Mauti anakataa, anasema hana ruhusa, naye mke anamvusha vivyo hivyo, kisha anarudi peke yake na kufunga kamba zake kabla maji hayajafika kifuani. Chini yake uliandika maneno machache kwa Mira: "Maalim achague. Akikataa hadithi yote pia, usigombane naye. Ana shinikizo la damu."

Unaona ulivyonifanya? Ungenilaumu, ningejitetea. Najua kujitetea. Lakini uliniandikia kama mtu anayemwachia mwenzake funguo chini ya jamvi, kwa hakika kwamba atarudi.

Niliamua upesi kwamba hadithi itaingia. Hilo halikuwa na mjadala tena. Ugumu ulikuja kwenye mwisho. Kwa mtu kama mimi uchaguzi unapaswa kuwa rahisi: mwisho wa pili ndio unaokubaliana na ninayoyaamini. Ajali haikusogea. Mwanamke amesubiri, amefanya wema, amerudi kazini. Ni mwisho mzuri, wenye heshima, na ningeweza kuusoma mbele ya yeyote. Nikaunakili kwa mwandiko wangu safi. Nilipofika mstari wa mwisho, mkono wangu ulikuwa umeandika bila ya kosa, na mimi nilikuwa nataka ule mwingine. Nilitaka kichupa kifunguliwe. Nilitaka kwa namna ambayo sikumbuki kutaka kitu tangu nilipokuwa kijana, na nilijua fika kwamba sikuwa nikimtakia yule mume wa hadithi.

Nikanakili na wa kwanza. Nikawa nao wote wawili mezani, siku kumi na mbili.

Jana Rukia alikuwa anachagua mchele uani. Nikatoka na karatasi, nikamwambia nataka nimsomee miisho miwili na aniambie upi unafaa. Akasema, "Leo waniuliza mimi?" Nikasoma wa kwanza. Hakuinua kichwa, lakini vidole vyake vilisimama ndani ya ungo. Nikasoma wa pili. Akaanza tena kuchagua mchele, akatoa kokoto moja, akaitupa.

"Huo wa pili tunao kila siku," akasema. "Nisomee tena ule mwengine."

Nikamsomea tena. Mara hii nilikwama katikati, na yeye alinisubiri, hakunisaidia.

Kwa hiyo nimechagua wa kwanza, Bi Hansa. Mauti anampa kichupa. Siwezi kukwambia kwamba nafsi yangu imetulia. Niliandika maelezo mafupi chini ya ukurasa, kwamba hii ni ngano na kwamba wasomaji wasiichukulie kuwa itikadi. Nikayasoma, nikaona ni yule yule mtu wa kona, anatafuta ukurasa huku jirani yake anapita. Nikayakata. Wapo watakaoniuliza msikitini, na miongoni mwao ni wanafunzi wangu wa zamani ambao niliwafundisha kuuliza. Sina jibu la kuwaridhisha. Nitawaambia tu kwamba mwenzangu aliniachia nichague, na hicho ndicho nilichochagua. Huenda nimekosea. Nimewahi kukosea vibaya zaidi kwa kuwa sahihi.

Jina lako liko peke yake juu ya hadithi zote saba. Langu liko ndani, kwa herufi ndogo, pale wanapoandika aliyepitia mswada. Wachapishaji walipiga simu kuuliza kama ni makosa. Nikawaambia si makosa. Na katika utangulizi nimeandika sentensi ya kujibu swali uliloniuliza dukani nikafunga kalamu: kwamba mwandishi ni mtu wa Unguja, na hadithi zake ni za Unguja. Sentensi hiyo imefika imechelewa. Najua. Nimeiandika pamoja na kuchelewa kwake.

Leo asubuhi nilikwenda kumtaka radhi Mira, kwa kuwa kwetu aliyekosewa akiwa hayupo, radhi huombwa kwa warithi wake. Nilijitayarishia maneno, nikayasema yote kwa utaratibu. Alizima cherehani akanisikiliza. Kisha akasema, "Mama hakukasirika, Maalim. Alisema umekimbia, na kwamba utachoka utarudi. Kila Alhamisi alikuwa anaweka kiti."

Sikujua hilo. Hakuna adhabu ambayo ungenitafutia ikapita hiyo. Nimerudi nyumbani nikaandika barua hii.

Nimezungumza na Bi Mize kwa simu. Nilimwambia kitabu kikitoka tungependa kuwasomea wenzake hadithi ya saba, hapo hapo Uroa. Akasema, "Njooni, lakini msitusomee tukiwa majini, tutafunga kamba ovyo." Tutawangoja watoke. Mira ndiye atakayesoma. Wakicheka, nitakumbuka ni mahali gani. Wakipinga, wakisema bahari haiko hivyo au mwanamke wa Uroa hasemi hivyo, nitaandika wanayoyasema kama walivyoyasema, sitawajibu. Hiyo ndiyo ahadi yangu, nayo kwa mtu kama mimi si ndogo: nitakaa chini miongoni mwao na nitasikiliza mpaka mwisho.

Sijui dua ya kwenu, na ya kwetu sijui kama nina haki ya kukusomea. Baada ya sala ya leo nilibaki mkekani, nikalitaja jina lako. Sikuongeza neno. Aliye juu anajua nilichotaka kusema, na wewe ulikuwa ukijua kabla sijasema.

Kwaheri, Bi Hansa. Samahani kwa kutokufuata.

Mwenzako wa Alhamisi,
Maalim Khatibu